Mahitaji ya Maji Usangu Yakadiriwe kwa Mwezi, Si kwa Mwaka

Makadirio ya maji ya miaka ijayo huanza na sensa, na sababu yake inaeleweka. Watanzania walikuwa milioni 44.9 mwaka 2012. Mwaka 2022 walifika milioni 61.7. Ongezeko hilo ni asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo watu huwa maradufu katika miaka 22 hivi. Lakini katika bonde la Mto Ruaha Mkuu, anayeishia kwenye sensa amekosea njia mapema. Mtu anayetumia lita 50 kwa siku humaliza mita za ujazo 18 kwa mwaka. Hekta moja ya mpunga, ikipewa maji ya kina cha mita moja kwa msimu, humeza mita za ujazo 10,000, yaani matumizi ya nyumbani ya watu 550 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo swali zito la Usangu, sehemu ya juu ya bonde hilo, ni hekta ngapi zitalimwa, na katika miezi gani.

Hapo ndipo kosa la pili hujificha. Wapangaji wengi wa matumizi ya maji hupima maji yanayoingia kwenye banio, wakayaita yote mahitaji. Yafuate maji hayo: hupita mfereji, hujaza jaruba la kwanza, huvuja hadi la pili, na mengine hurudi mtoni, yakachotwa tena na mkulima wa chini. Yanayopotea kabisa kwa bonde ni yale yanayopaa hewani kwa jua na kupitia majani ya mpunga. Ukisakafia mfereji kisha ukatangaza kwamba umeokoa maji, huenda umemnyang'anya jirani aliyetegemea mvujo wako. Na mkulima wa juu akitumia maji yaliyookolewa kupanua shamba, mto haupati hata tone.

Wapo watakaosema vipimo ni vichache, kwa hiyo wastani wa mwaka unatosha. Naamini uchache huo ndio unaoufanya wastani uwe hatari, kwa kuwa mafuriko ya masika huficha ukame wa kiangazi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, chini ya kinamasi cha Ihefu, ingawa masika hufurika. Kibali cha lita zilezile kwa sekunde mwaka mzima hakiujui mto wa namna hiyo. Wengine watasema utabiri wa miaka 20 ni ramli, kwani bei ya mchele na mvua havitabiriki. Ni kweli, na ndiyo maana haifai kutoa tarakimu moja. Tuandike hali tatu: mashamba yakibaki yalivyo, yakipanuka, na kilimo cha kiangazi kikipunguzwa, kisha kila hali tuilinganishe na maji ya mwezi mkavu kuliko yote.

Bodi ya maji ya bonde na vyama vya watumia maji vianze na jambo lililo ndani ya uwezo wao: kupima kwenye mabanio na kwenye mlango wa Ihefu, mwezi kwa mwezi. Bila vipimo hivyo, vibali vitaendelea kugawa maji ambayo Oktoba hayapo mtoni.