Kijiji cha Kongo ndani ya video ya yaya

Wandugu, video ya dakika kumi na moja imetumwa kwenye gurupe la familia yetu, na tangu siku ya kwanza sijaacha kuifikiri. Yaya wangu, mtoto wa Masisi kama mimi, anaishi Norvège na bibi yake na watoto watatu. Jumapili moja ya vakansi walitembea Oslo mzima: bandari, tramu, aiskrimu, halafu Frogner, ile parki ya sanamu. Niliidownload na inite zangu za mwisho. Mama aliangalia juu ya bega langu.

Kama video, ni ya kawaida. Mnazijua. Mtu anatembea huku simu iko mbele, anasema "mnaona?" mara arobaini, jua linaingia ndani ya kamera. Lakini kuna mahali pawili yaya anakuwa mtazamaji mzuri kuliko wengi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kwanza, mtoto wake mdogo anashika mkono wa sanamu ya kijana aliyekasirika, ile wanayoita Sinnataggen, na yaya anaonyesha kwamba mkono ule unang'aa kama dhahabu wakati mwili wote ni mweusi, kwa sababu watu wote wanaopita wanaushika. Pili, mbele ya Monolith, nguzo ya jiwe moja yenye miili 121 inayopandana, anacheka na kusema: "Hii ni Fuso ya Walikale." Ni kweli kabisa! Watu juu ya watu, mguu wa huyu kwenye shingo ya yule, wote wanataka kufika juu. Mafundi watatu walichonga jiwe lile kwa miaka kumi na ine, na yaya amelielewa kwa sekunde mbili kwa sababu amepanda ile Fuso.

Gustav Vigeland, mwenye kazi hiyo, alikufa 1943. Parki yake ina sanamu zaidi ya 200 na nadhani ni kazi kubwa, nasema bila kinyongo. Hakuna jenerali kwenye farasi. Ni watu uchi: baba anarusha watoto, bibi wazee wamekaa, vijana wanagombana. Hawana majina wala nguo za kutuonyesha nani ni tajiri. Anataka kusema: huyu ni mwanadamu, basi.

Lakini mwanadamu gani? Hapo njo nilianza kusumbuka, kwa sababu ninajua jambo moja la Frogner ambalo yaya hakulijua.

Mwaka 1914 Norvège ilisherehekea miaka 100 ya katiba yake. Mfalme Haakon VII alifungua maonyesho makubwa, palepale Frogner, na ndani ya maonyesho kulijengwa kijiji cha nyumba za majani kilichoitwa Kongolandsbyen, maana yake Kijiji cha Kongo. Waafrika karibu 80 waliishi mle kwa miezi mitano, wakipika, wakila, wakilea watoto, wazungu wakilipa ili kuwaangalia. Na Wakongo walikuwa wapi? Wengi wa watu wale walitoka Senegal! Neno "Kongo" lilikuwa tu kibao cha kuvuta wateja, sawa vile duka linavyojiita "Paris". Miaka kumi baadaye, 1924, mji ulikubali parki ileile iwe mahali pa sanamu za Vigeland.

Mtasema: ni zamani, na Ubelgiji ilifanya vibaya zaidi. Ndiyo. Mwaka 1897 Leopold II aliweka Wakongo 267 kwenye maonyesho ya Tervuren, saba walikufa, makaburi yao yako pale. Lakini Tervuren tunaisoma shuleni kama jambo letu. Ya Oslo walikuwa wameisahau hata wenyeji wake. Ndiyo maana 2014 wasanii wawili, Mohamed Ali Fadlabi mzaliwa wa Sudan na Lars Cuzner, walijenga kijiji kile upya mule mule Frogner na kukaribisha watu wa kujitolea kutoka popote waje kukaa ndani. Watu wengi walikasirika, na Waafrika wa Norvège walikuwa kati yao. Mimi ninaheshimu nia yao, lakini ninaona kazi yenyewe ilikosea. Ukijitolea, unaweza kwenda nyumbani jioni. Aibu ya 1914 haikuwa nyumba za majani. Ilikuwa kwamba upande mmoja unaangalia na upande wa pili unaangaliwa, na nyumba tupu haiwezi kurudisha hiyo.

Na sisi je? Tunapenda kuandika "Masisi, Uswisi ya Afrika" chini ya foto za milima, ng'ombe na fomaji. Jina hilo pia ni kibao cha mwingine. Wageni wanapiga foto za vilima vya Mushaki kutoka kwa dirisha la jeep, na mchungaji anabaki ndani ya foto kama jiwe. Sijaona foto hata moja ambamo anaulizwa jina. Lakini hata mimi nimeshapost foto kama hizo, nikiwa mkimbizi wa ndani, ili watu waone kwamba kwetu si vita tu.

Nilimuandikia yaya haya yote. Alikaa kimya siku mbili. Nikajuta, nikafikiri nimeharibu Jumapili ya watoto. Halafu akatuma sauti: mkubwa wao amemuuliza kama watu wale walikuwa na watoto wa umri wake, na walicheza wapi. Watarudi Frogner Jumapili ijayo, wamuulize mtu kijiji kilikuwa upande gani.

Mama yeye alikuwa na lawama yake. "Sanamu nyingi sana," alisema. "Rudisha pale mjukuu anashika mkono."

Nikarudisha.