Kitenzi kinapotumwa vitani

Juzi jioni nilikuwa barazani Bofu, Likoni, na wazee wenzangu tukinywa kahawa tungu. Kijana mmoja alitufungulia taarifa za Gaza kwenye simu. Idhaa moja ya Kiswahili kutoka ng'ambo ilisema watu "wamekufa shahidi". Akageuza, nyingine ikasema "wamepoteza maisha". Mzee mmoja akauliza, "Wamepoteza vipi? Kama mtu apotezavyo ufunguo?" Tulicheka, kisha tukagombana hadi adhana ya Isha.

Swali la mzee ni la sarufi. "Ua" hudai mtenda. "Uawa" humficha nyuma ya mlango, lakini twajua yupo. "Poteza maisha" humfuta kabisa, na marehemu ndiye huwa kiima, kana kwamba alizembea. "Shahidi" nalo limekwisha kutoa hukumu na kumpeleka maiti peponi kabla msikilizaji hajavuta pumzi.

Mchezo huu si mgeni kwetu Pwani. Redio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, enzi ya Nasser, na Mzanzibari Ahmed Rashad Ali alikuwa miongoni mwa watangazaji wake mashuhuri. Waingereza walishambuliwa kwa ghadhabu, tena kwa Kiswahili kitamu cha watu wa mwambao. Wakoloni walihangaika. Hapa Mombasa walikuwa na Sauti ya Mvita, na tarehe 27 Juni 1957, miezi michache baada ya fedheha ya Suez, BBC nayo ikaanza Kiswahili, kwa sauti ya utulivu.

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba ya Cairo ilikuwa propaganda na ya London ilikuwa habari. Nilikosea. Hasira ya Cairo ilikuwa na kuni za kweli: hali ya hatari iliyotangazwa Kenya Oktoba 1952 haikubuniwa na mtangazaji. Utulivu nao una bwana wake. Ila sitaitetea hasira, maana humnyima msikilizaji nafasi ya kuuliza nani kasema na kajuaje.

Linaloniudhi zaidi ni vyumba vyetu vya habari hapa Kenya. Taarifa ya ng'ambo hufasiriwa upesi, na kitenzi cha mwenyewe hunakiliwa kilivyo, pamoja na uadui wake au woga wake. Mfasiri angeanza kwa kuuliza alichouliza yule mzee tulipokuwa tukiondoka: "Haya, na aliyewaua ni nani?"