Funda la Mwonjaji

Mwonjaji wa kahawa hanywi. Huchota kijiko kimoja, akavuta funda kwa mlio unaosikika chumba kizima, akalizungusha kinywani, kisha akalitema. Huko Thika, mji wa viwanda vya kukobolea kahawa, ambako buni hupangwa kwa madaraja ya AA, AB na PB, hufanya hivyo kikombe baada ya kikombe. Siku ya kazi hajipaki marashi.

Mlio huo, ambao mezani nyumbani ungetuletea karipio, ndio ufundi wenyewe. Ulimi peke yake una habari chache: utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ule utamu mzito wa mchuzi wa nyama. Kahawa ikivutwa kwa nguvu hugeuka manyunyu, na harufu yake hupanda kwa nyuma ya koo hadi puani, penye aina 400 hivi za vipokezi. Linda Buck na Richard Axel walieleza jeni zake mwaka 1991, wakatunukiwa Nobeli mwaka 2004. Habari za ulimi hupita kwenye shina la ubongo, kisha thalamasi. Za pua hazibishi hodi huko kwanza. Huingia moja kwa moja katika ujirani wa hisia na kumbukumbu. Kwa hiyo harufu ya SL28, aina ya kahawa ya Kenya, humkumbusha mwonjaji kitu kabla hajapata jina lake. Kulitafuta jina hilo, zambarau au balungi, na kulipata lilelile kesho, ndiko ninakokustahi kuliko yote.

Huko Ruiru, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, wanajua kuwa ladha haipimwi ila kwa kuonja. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha tunda likiwa bichi, ulipoangamiza mavuno miaka ya 1960, watafiti wa kituo hicho walianza mwaka 1971 kutafuta mbegu itakayoustahimili. Mche mchanga huambukizwa kuvu maabarani, na ustahimilivu wake ukajulikana mapema. Ladha haijulikani hivyo. Sharti mti uzae, tunda limenywe, buni ivundikwe, ioshwe, ianikwe, ikaangwe, ndipo mtu avute funda. Mbegu ya Ruiru 11 iliwafikia wakulima mwaka 1985, Batian mwaka 2010, na bado waonjaji huziweka kando ya SL28 na kubishana. Ubishi huo naupenda: ndani yake mna bei ya jasho la mkulima.

Mwonjaji akimaliza meza, haandiki hukumu papo hapo. Huviacha vikombe vipoe, akarudi kwenye kile cha kwanza, kwa kuwa kasoro iliyofichwa na joto hujitokeza kahawa ikipoa.