Rezista Isiyo na Jina

Bodi iliyoungua ina harufu yake. Ukishaizoea unaisikia kabla skrubu ya mwisho haijatoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa televisheni aliyoniletea mama mmoja, baada ya umeme wa kwao kukatika na kurudi kwa kishindo.

"Mwanangu, kama haiwezekani niambie mapema," alisema, akakaa kwenye benchi.

Ndani, kioo cha fyuzi kilikuwa cheusi chote. Karibu na mosfeti, transista ya kuwasha na kuzima umeme kwa kasi, palikuwa na rezista iliyopasuka, pete zake za rangi zimegeuka masizi. Haina jina, haina thamani. Hapo ndipo inapoanza sehemu ya kazi hii ninayoipenda kuliko zote.

Wengi hudhani ufundi ni kuchomea risasi. Kuchomea, mkono huzoea upesi. Kutambua ndiko kunakokula miaka. Bodi yenyewe husaidia: R ni rezista, C kapasita, D dayodi, Q transista. Rezista ndogo ya kubandika yenye 103 ni 10 ikifuatwa na sifuri tatu, yaani omu 10,000. Transista yenye C1815 jina lake kamili ni 2SC1815. Lakini kapasita ndogo za kahawia hazina hata herufi moja, na vile vidude vyeusi vya miguu mitatu huwa na herufi mbili tatu tu, ambazo kiwanda kingine huzitumia kwa kitu tofauti kabisa. Kidude kama hicho chaweza kuwa transista, chaweza kuwa dayodi mbili ndani ya ganda moja.

Hapo naichukua mita, naiweka kwenye kipimo cha dayodi. Ncha nyekundu inakaa mguu mmoja, nyeusi inawazungukia wenzake. Kote kuwili ikisoma karibu volti 0.6, na nikigeuza ncha pakawa kimya, basi nimeshika besi ya transista ya NPN, au mahali dayodi mbili zilipoungana. Natazama tena, polepole. Kwenye transista, upande wa emita husoma juu kidogo kuliko wa kolekta, milivolti chache tu. Milivolti hizo nimejifunza kuziheshimu. Na kipimo cha kitu ambacho bado kiko kwenye bodi sikiamini, kwa kuwa umeme wa mita hupenya kwa majirani. Lazima ninyanyue mguu mmoja.

Turudi kwa rezista yetu. Nilimaliza kwanza chaji ya kapasita kubwa, maana hiyo huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa umechomolewa. Kisha nikafuata njia za shaba. Mguu mmoja ulikwenda kwenye sosi ya mosfeti, wa pili kwenye hasi ya kapasita hiyo kubwa. Nikatabasamu. Rezista inayokaa hapo huipimia aisii, chipu inayoiongoza mosfeti, mkondo unaopita, na thamani yake kwa kawaida haifiki hata omu moja. Mosfeti ilipopiga shoti, umeme wote ulimpitia huyu maskini. Majirani walinitajia kazi yake kabla sijaijua namba. Namba niliikuta kwenye bodi ya zamani niliyoihifadhi, ya aisii ileile na nguvu ileile: 0.33. Nikabadilisha rezista, mosfeti, na aisii pia, kwa kuwa mara nyingi huondoka pamoja.

Kabla ya fyuzi mpya, mahali pake naunga balbu ya wati 60. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo. Nikachomeka. Mama akasimama. Balbu ikamulika, kapasita ikajaa, mwanga ukafifia hadi ukazimika. Chini ya kioo cha televisheni, taa ndogo nyekundu ikawaka.

"Kile kilichoungua, mwanangu, ulikijuaje na hakina maandishi?"

Nikachomoa waya, nikasubiri kapasita itulie, nikamgeuzia bodi. Kwa ncha ya sindano nikamwonyesha njia ya shaba, tangu mguu wa kwanza.