Asali Hurinwa Gizani

Picha za ufugaji nyuki tunazoziona kwenye kalenda na vipeperushi karibu zote zimepigwa mchana. Jua linawaka, mfugaji kavaa nyeupe tupu, kainua fremu mbele ya uso, anatabasamu nyuma ya wavu. Kwa nyuki wa Ulaya huenda hakuna neno. Kwa nyuki wa Singida, mtu anayefungua mzinga saa sita mchana nyuma ya nyumba yake anatafuta ugomvi na mtaa mzima. Huku kwetu asali ya nyumbani hurinwa jua likishazama, na sehemu kubwa ya ufundi wa mrina imo katika kuyajua mambo ambayo macho hayawezi kumsaidia.

Nyuki hawa wa nyika ni wadogo wa mwili na wepesi wa hasira, na hasira hiyo wameipata kihalali: wameishi miaka na miaka pamoja na nyegere, moto wa porini na binadamu. Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtaalamu wa jenetiki wa Brazili, alitaka nyuki wanaohimili joto, akachukua malkia kutoka Afrika Kusini na kutoka Tabora, jirani zetu wa magharibi. Mwaka uliofuata makundi 26 yalimtoroka karibu na mji wa Rio Claro, na uzao wao ukasambaa bara zima hadi ukaingia Marekani mwaka 1990. Magazeti ya huko yakawapa jina la nyuki wauaji. Mtu wa Manyoni angewashauri tu waache kufungua mizinga mchana.

Mzinga wa nyumbani una adabu zake. Unawekwa nyuma ya ua wa minyaa uliosongamana, mlango wake ukitazama mbali na njia ya watu, ili nyuki wakitoka wapande juu kabla hawajakutana na mtu. Unaning'inizwa kwa waya ili nyegere asiufikie, na waya unapakwa grisi kwa ajili ya siafu na sisimizi. Siku ya kurina kuku hufungiwa mapema, mbuzi husogezwa mbali, na mbwa hafungwi kamba karibu, kwani mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia. Majirani nao huambiwa kabla, wasije wakaambiwa na nyuki.

Ulaya hungoja majira ya kuchipua ndipo waanze kuwaza asali ya kwanza ya mwaka. Sisi Singida tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na asali ya nyumbani huja mvua ikishamaliza kazi yake. Alizeti inapochanua, mashamba ya Iramba na Ikungi hugeuka manjano, na nyuki hawana sababu ya kwenda mbali. Kusini, Manyoni na Itigi, mambo ni mengine. Kuna miombo, ambayo mingine huchanua kabla ya mvua na mingine mvua zikielekea ukingoni. Kuna pia vichaka vya Itigi, miti mifupi iliyosongamana hata ng'ombe hapenyi, uoto ambao nje ya hapa utaukuta kaskazini mwa Zambia. Upande huo ndiko iliko Hifadhi ya Nyuki ya Aghondi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Lakini mimi nataka kuzungumzia mzinga mmoja wa nyuma ya nyumba, kwa sababu hapo ndipo mkono wa mrina unapoonekana vizuri.

Mzee mmoja wa Ikungi, aliyekulia kwenye mizinga ya magogo kabla ya kuhamia ya viunzi, huenda mzingani saa moja na nusu usiku. Bomba la moshi amelijaza magunzi na mavi makavu ya ng'ombe. Mafuta ya taa na plastiki hataki hata kuvisikia, maana asali hunywa harufu. Tochi kaifunga kitambaa chekundu, kwa kuwa nyuki hawaioni rangi nyekundu. Mwanga wenyewe ni hafifu, unamwonyesha mikono yake basi.

Kwanza anagonga. Kwa kifundo cha kidole anagonga viunzi, zile mbao zinazoshika masega kwa juu, kimoja kimoja, kuanzia nyuma ya mzinga kuja mlangoni. Kiunzi kitupu hulia wazi. Chenye sega zito hujibu kwa sauti fupi, iliyoziba. Nyuki hulea majana karibu na mlango na kuweka asali nyuma, kwa hiyo akishajua kwa sikio masega yanaanzia wapi, anajua pa kuanza kufungua na pa kutothubutu. Kisha anang'oa kiunzi cha kwanza taratibu, kwa sababu gundi ya nyuki imekishika, na kukiinua wima. Sega hili halina fremu ya kulishikilia. Ukililaza linakatika na kuanguka pamoja na nyuki wake, na hapo usiku wako umekwisha. Hata upana wa kiunzi una hesabu: milimita 32, nafasi ambayo nyuki wa Afrika hujiwekea wenyewe kutoka sega hadi sega. Seremala akiuongeza, nyuki hujenga mshazari, sega moja likashika viunzi viwili, na mzinga hauwezi tena kufunguliwa bila kuharibu.

"Babu, hili limeiva?" nilimuuliza usiku mmoja.

"Unaniuliza mimi? Pitisha kidole."

Nilipitisha, nyuki wachache wakisogea kupisha. Juu uso ulikuwa mkavu, wenye vikunjo vidogo vidogo. Hapo nta ilikuwa imeshafunika. Kuanzia katikati kwenda chini kidole kililowa.

"Nusu bado mbichi, babu."

"Basi lirudishe, mjukuu wangu. Hawajamaliza kulipepea."

Maji ya maua huingia mzingani yakiwa mepesi, na nyuki huyapepea kwa mabawa hadi yawe mazito. Viwango vya kimataifa vinataka maji katika asali yasizidi asilimia 20. Yakizidi, asali huchacha ndani ya ndoo. Wenye vifaa hupima kwa kioo maalumu. Mzee hupima kwa ncha ya kidole: robo tatu ya sega ikiwa imefunikwa, anakata. Majana yaliyofunikwa nayo ana namna ya kuyajua, uso wake umetuna kidogo na unakwaruza, na sega la namna hiyo hurudi ndani haraka.

Wakati wote huo pua na sikio viko kazini. Mvumo wa mzinga ukipanda, anaongeza moshi. Akinusa kitu kama ndizi mbivu, anajua kuna nyuki ameshachoma mahali, kwa sababu mwiba huachia harufu hiyo kuwaita wenzake. Moshi huifunika harufu ya wito, tena huwafanya nyuki wajaze matumbo asali wakidhani moto umefika, na nyuki aliyeshiba ana uvivu wa kuuma. Na kama moshi haukutosha, mzee hufunika mzinga akaenda kulala. Nimeona watu wa ovaroli na glovu za bei wakishindwa kufanya hilo dogo.

Akikata sega huacha ukanda wa vidole viwili kwenye kiunzi, nyuki waanzie hapo kujenga. Huacha pia masega kadhaa mazima ya asali, kwa kuwa mbele yao kuna kiangazi cha hadi Novemba na maua machache. Nyuki wetu hawabembelezwi: ukikomba chakula chote wanahama, unabaki na sanduku la nondo. Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, aliupigia debe sana ufugaji nyuki, naye mwenyewe ni mfugaji, na tangu hapo mizinga ya kisasa imeongezeka vijijini. Ni jambo jema. Lakini mzinga wa kisasa ambao mwenyewe hajui kuugonga ni mbao tu zilizopigwa misumari, na mrina wa magogo anayepanda mti gizani kwa kamba namheshimu kuliko mwenye mzinga huo. Lawama yake ni moja: moto. Kijinga kinaua nyuki, na cheche zake zimeunguza misitu mingi.

Elimu ya sikio haiishii mzingani. Wilayani Mkalama wapo Wahadzabe, ambao huita kwa mluzi ndege anayewaongoza hadi kwenye asali ya porini. Ndege hupata nta na mabuu, watu hupata asali. Mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha katika jarida la Science majaribio yaliyofanywa Tanzania na Msumbiji. Ndege wa upande wa Wahadzabe walijitokeza zaidi kwa mluzi, na wale wa upande wa Wayao wa Niassa, huko Msumbiji, kwa mwito wa Kiyao. Kumbe ndege naye hujifunza lugha ya mahali anapoishi.

Sasa tazama yanayoipata asali ikifika mjini. Imepimwa kwa sikio, kidole na pua, halafu inahukumiwa kwa macho na mtu aliyesimama kaunta. Anainua chupa kwenye mwanga. Ikiwa angavu na inatiririka, ni nzuri. Ikiwa imeganda, "mmeweka sukari". Wengine huchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, wengine huita sisimizi kuwa mashahidi. Majaribio haya hayapimi chochote cha maana: njiti huonyesha maji tu, na sisimizi hula asali halisi sawasawa na ya bandia. Asali yenye glukosi nyingi huganda upesi, na ya alizeti ni miongoni mwa zinazoganda upesi zaidi. Kwa hiyo chupa ya Singida iliyoganda inafanya tu lile ambalo asali ya alizeti hulifanya. Kinachoniudhi ni kwamba wauzaji, wakiogopa jicho la mteja, huichemsha ili ibaki maji maji, na moto huo ndio unaoondoa harufu ya maua na kuharibu vimeng'enya vilivyowekwa na nyuki. Mteja anayeogopa kudanganywa analipia asali iliyoharibiwa kwa ajili yake.

Ukishuka stendi ya Singida au Manyoni, usiikimbie chupa iliyoganda. Muulize muuzaji imerinwa mwezi gani, wapi, na nyuki walikuwa kwenye maua gani. Mrina mwenyewe, au aliyenunua kwa mrina, hujibu bila kufikiri, na anayebabaika mwache na chupa yake. Nyumbani iweke kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, mbali na moto, uisubiri ilegee yenyewe.