Taa Ipimwe Ikiwaka

Juma lililopita pale sokoni Kashikishi, Zambia, nilikuta watu wamelizunguka gari, Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 90, boneti wazi, wanamsifu kijana aliyekuwa amemaliza kutengeneza taa zake. Zilikuwa nyeupe pe, zinaumiza macho saa kumi za jioni. "Huyu ndiye fundi!" alisema mwenye gari, mchuuzi wa samaki kutoka Pweto, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Mweru. Nikasogea kuchungulia. Waya mbili zimetolewa kwenye betri bila fyuzi, zimelazwa juu ya rejeta, zimesokotwa kwa vidole na kuviringishiwa tepu nyeusi. Balbu ni za wati 100. Nimefanya umeme wa magari ufukweni hapa Mweru kwa zaidi ya miaka ishirini, na kusikia kazi ile ikisifiwa kuliniuma.

Mwanga wa siku ya kwanza hausemi kitu. Betri imejaa, balbu mpya, injini inanguruma: hapo taa ya nani haiwaki? Mimi huanza kuangalia mahali ambapo mwenye gari haangalii.

Mwanagenzi huchomoa soketi kwenye balbu, anachomeka mita, anasoma volti 12 na kutangaza kwamba moto upo. Kosa la wanagenzi wote ni hilo, na sijaona anayeliacha bila kufundishwa. Waya uliooza ndani ukabaki na uzi mmoja utakuonyesha volti 12 zile zile, maana hakuna kinachopita. Ni sawa na kumsifia mtu nguvu kabla hajabeba gunia. Rudisha balbu kwenye soketi, washa taa, penyeza ncha za mita kwa nyuma ya soketi, ndipo usome. Balbu ya H4 ya wati 55 huvuta karibu ampea 4.6 kwenye dimu. Kiungo chenye ukinzani wa robo ya omu tu kitakula zaidi ya volti moja, na mwanga hauna huruma: ukipoteza asilimia 10 ya volti, karibu asilimia 30 ya mwanga imekwenda. Kisha pima safari zote mbili, kutoka chanya ya betri hadi kwenye balbu, na kutoka kwenye balbu kurudi hasi. Mimi naruhusu volti 0.2 kila upande. Ikizidi hapo, kazi irudiwe.

Safari ya kurudi ndiyo inayosahauliwa, na kwenye Hilux za zamani ndiko maradhi yanakokaa. Toyota hawa hupeleka moto kwenye mguu wa pamoja wa balbu, halafu swichi ya usukani ndiyo inayofungua njia ya ethi, ama ya dimu ama ya full. Asiyelijua hilo huwasha dimu, hugusa mguu wa full kwa tasta, hukuta moto na kupiga kelele kwamba swichi imekufa. Moto ule umepita tu ndani ya uzi wa balbu. Nilimwona mmoja akimuuzia mzee wa watu swichi nzima ya usukani, kumbe ni fyuzi ya kushoto. Taa ya upande mmoja ikififia rangi ya chungwa wakati wa dimu, na ile ya buluu kwenye dashibodi ikiwaka kwa mbali, nenda kwenye fyuzi ya upande ule kabla hujafungua skrubu yoyote.

Mzee aliyenifundisha, Mungu amrehemu, alijifunzia kazi kwenye Land Rover. Boliti ya ethi aliifungua hata kama haikulalamikiwa. Alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akaweka washa ya meno, akakaza, ndipo akapaka grisi juu. Ukitanguliza grisi alikufanya uanze upya. "Mwanangu," aliniambia, "grisi ni blanketi, si godoro." Baadaye aliziacha taa ziwake dakika kumi, akanishika mkono na kuniwekea vidole kwenye kila kiungo. Chenye joto kilikuwa na mwizi ndani. Hakuwa na mita wakati ule, na sijakumbuka akikosea.

Matapeli nao wana maarifa yao. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi ni ya zamani. Mpya ni waya wa alumini uliopakwa shaba, nao unauzwa hapa hapa, katika nchi iliyokaa juu ya shaba! Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, rudisha dukani.

Tepu nyeusi siikubali popote chini ya boneti. Waya wa ethi uwe mweusi au rangi ya kiwandani. Fundi anayetumia mwekundu kwa ethi simwachii gari langu.

Hapa ziwani uvuvi hufungwa Desemba mosi hadi mwisho wa Februari. Magari ya samaki hulala kwenye mvua, na ukifika mwezi wa tatu yanajipanga kwangu, taa zimekuwa vibatari. Nakumbuka miaka ambayo ziwa usiku lilimetameta karabai za wavua dagaa wa chisense, na gari lililotoka hapa kwenda Mansa lilitoka na taa za kuaminika. Njiani Mwansabombwe hadi Mwense kuna baiskeli zisizo na taa, zimebeba mkaa na watoto. Dereva huwaona kwa zile volti alizobakiziwa.

Tena tazama kioo. Kongo wanaendesha kulia, Zambia kushoto, na kioo cha taa kimechongwa kuinua mwanga upande wa ukingo wa barabara. Kioo kilichotoka gari la ng'ambo, kikifungwa hapa, kinainua mwanga machoni mwa anayekuja. Washa dimu mbele ya ukuta: mwanga uinuke kushoto.

Yule mchuuzi nilimvuta kando. "Papa, ziache ziwake kidogo, kisha lete mkono wako." Alicheka, akaniridhia. Baada ya dakika kumi nilikipeleka kidole chake hadi kwenye kile kiungo cha tepu, ambayo ilikuwa imeanza kulainika. Akauchomoa mkono haraka, akaupuliza. Kisha akaingia ndani ya gari, akazima taa mwenyewe, na kuniuliza duka langu liko wapi.