Mpira Ndio Ujira

Mbwa wa ukaguzi katika bandari ya Mombasa hajui bei ya pembe za ndovu. Anajua tu kwamba harufu ile ikimfikia puani kati ya mizigo, mpira hauko mbali. Akiipata huketi, akatulia, akakodolea macho pale inapotoka. Mwongozaji wake akiridhika hurusha mpira, na hapo mbwa amelipwa. Shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wake wa mbwa wa aina hii mwaka 2014, na mafunzo yao hufanyika Usa River, karibu na Arusha. Vita vizito dhidi ya ujangili vinategemea, kwa sehemu, hamu ya mnyama kucheza.

Ufundi huu unastahili sifa, hasa kwetu ambako mbwa wengi hushinda kwenye mnyororo na hupimwa utii kwa jinsi wanavyojikunyata fimbo ikiinuliwa. Mbwa wa fimbo humtii aliyeshika fimbo. Mbwa aliyefunzwa kwa mchezo hutii hata akiwa mbali, asipofikiwa na mkono wa mtu, kwa kuwa anakitaka kile ambacho utii humletea. Mwanasaikolojia wa Marekani David Premack alilieleza jambo hili mwaka 1959: tendo ambalo kiumbe analipenda sana linaweza kuwa tuzo ya tendo asilolipenda sana. Kuketi hakumsisimui mbwa. Kufukuza mpira humsisimua. Basi aketi kwanza, ndipo afukuze.

Kulisema ni rahisi, kulitenda kunahitaji mkono mwepesi. Mpira utoke mbwa angali ameketi. Ukichelewa akainuka, umemlipa kwa kuinuka. Akirudi na mpira mdomoni, asiyejua humkimbilia amnyang'anye, na mbwa hugundua mchezo mtamu zaidi, wa kukimbizwa. Fundi hugeuka akakimbia yeye, mbwa akamfuata. Kisha humwonyesha mpira wa pili, akasema "Acha!", na ule wa kwanza ukidondoka tu, wa pili uko hewani. Mbwa anajifunza kwamba anayeachia hapati hasara.

Baadaye huja somo la kungoja. Mpira unarushwa, misuli ya mbwa inatetemeka, macho yameung'ang'ania, na bado ameketi akisubiri neno. Sijui utii mzuri kuliko huu: hamu iko tele, haikuvunjwa hata kidogo, lakini imekubali kushikwa. Na fundi mwenyewe naye hujizuia. Hufunga mchezo mbwa angali na hamu, akauficha mpira, maana mpira unaozagaa uani kutwa nzima hauwezi kuwa ujira wa chochote.

Huko Spartanburg, South Carolina, profesa mstaafu wa saikolojia John Pilley aliupeleka ufundi huu mbali. Mbwa wake Chaser, jike wa aina ya Border Collie, alijifunza majina ya vitu vya kuchezea zaidi ya 1,000 katika miaka 3, na utafiti huo ukachapishwa 2011. Ujira wake haukuwa nyama. Mbwa wa aina hiyo walikuzwa kuchunga kondoo katika mpaka wa Uingereza na Uskoti, na kufukuza kumo damuni mwao. Pilley hakupigana na damu hiyo; kila jina Chaser alilolipata lilimfungulia mchezo mwingine.

Kwa hiyo anayefunza kwa mchezo naye anafunzwa. Anajifunza kutumia neno moja kwa maana moja, kulipa papo hapo bila kudhulumu, na kumtazama mnyama mpaka atambue anachokipenda. Anayetaka kutiiwa na mbwa, kwanza na awe mtu ambaye mbwa hufurahi kumrudia.